Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Sisi Twamtunza?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, Singida



Huenda wengi wenu mlitazamia tuseme habari za kadi, ada na matawi mapya. Hayo yana siku yake. Leo twataka kusema juu ya watu ambao wamekuwapo katika kila mkutano wetu, ambao hufika kabla yetu na kuondoka baada yetu, wala majina yao hayaandikwi katika kumbukumbu za mkutano hata siku moja. Hao ni wapiga zeze, wapiga marimba na wapiga ngoma.

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa. Mwaka uliopita tuliitisha mkutano katika tawi moja la mkoa huu. Tawi lenyewe hatutalitaja, maana kosa halikuwa lake, lilikuwa letu sisi waenezi. Tuliomba kikundi cha akina mama wapiga muheme kutoka upande wa Manyoni waje kuchangamsha watu. Walifika saa tatu asubuhi. Mgeni wetu alifika saa nane mchana. Kwa saa tano akina mama wale walikuwa juani, ngoma katikati ya magoti, wakiwashika watu wasiondoke. Bila wao tungehutubia viti.

Mkutano ulipokwisha tukaanza kulipa. Mwenye vipaza sauti akalipwa. Mwenye viti na turubai akalipwa. Mwenye gari akalipwa, na petroli juu. Akina mama tukawapa soda moja moja na asante nyingi. Ndipo kiongozi wao akatujia, akatuuliza kwa adabu kabisa: "Wanangu, nauli ya kurudi tuiulize kwa nani?" Tukatazamana. Mwenzetu mmoja, mwepesi wa maneno, akamjibu, "Mama, hiki chenu ni kipawa, mmepewa bure na Mungu. Nanyi kitoeni bure kwa ajili ya wananchi." Mama yule hakukasirika. Akasema, "Sawa, mwanangu. Na yule mwenye vipaza sauti, vyake alipewa na nani?"

Nauli ilipatikana kwa kuchangishana mifukoni. Jibu la swali lake halikupatikana. Hotuba ya leo ni jaribio letu la kumjibu.

Ndugu zangu, twadai hivi: neno hili "kipawa", tunalolitamka kama sifa, ndilo tunalolitumia kumnyima mpiga ngoma ujira wake. Kwa kuwa twasema amezaliwa nacho, twaona hakukitolea jasho. Na kitu kisichotolewa jasho, nani atakilipia? Basi hatuna budi kuuliza kwanza: je, ni kweli kwamba ufundi wa muziki mtu huzaliwa nao?

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kulitazama neno hilo kwa wasiwasi. Mtoto asiyejua hesabu, mwalimu mvivu husema, "Huyu hana kichwa." Mwalimu mwema huuliza, "Amefundishwa na nani, na kwa muda gani?" Sasa tutumie swali hilo hilo kwa mpiga zeze.

Mwaka 1993 mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, K. Anders Ericsson, pamoja na wenzake wawili, walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin, nchini Ujerumani. Waliwagawa katika makundi: walio bora kabisa, walio wazuri, na wale waliokuwa wakiandaliwa kuwa walimu wa muziki. Wakawauliza tangu utoto wamejizoeza peke yao saa ngapi. Ikaonekana kwamba walipofika miaka 20, wale bora walikuwa wamejizoeza kwa wastani wa saa zaidi ya 10,000. Wale wa ualimu walikuwa na saa zipatazo 4,000. Hesabu hiyo si ndogo. Mtu akijizoeza saa mbili kila siku, bila kukosa siku ya sikukuu wala ya msiba, atatimiza saa 10,000 baada ya miaka karibu 14.

Mtasema, hao ni Wazungu wa chuoni, wana mwalimu, wana chumba, wana saa ukutani. Kijana wetu wa Iramba au wa Manyoni, aliyetokea porini na zeze lake akatushangaza wote, yeye alijizoeza lini? Hamna aliyemwona akisoma. Basi huyo si wa kipawa?

Hapo ndipo tunapokosea. Kijana huyo alipokuwa na miaka saba alipewa ndama, kisha ng'ombe. Alishinda malishoni toka umande hadi machweo. Zeze alilitengeneza mwenyewe kwa kibuyu, ngozi, waya na uta. Likapasuka, akatengeneza jingine. Akapiga jua linapochomoza, akapiga ng'ombe wanapolala kivulini, akapiga akiwarudisha zizini. Jioni akakaa karibu na babu yake, akasikiliza kosa lake liko wapi. Hesabuni wenyewe: saa mbili kwa siku, kwa miaka kumi, ni saa zaidi ya 7,000. Saa hizo alikuwa nazo sawasawa na mwanafunzi wa Berlin, ila hakuwapo mtu wa kuziandika. Tunachokiita kipawa, mara nyingi ni saa zisizohesabiwa.

Na akina mama wa muheme vivyo hivyo. Msichana wa Kigogo huanza kushika mdundo kabla hajaweza kuibeba ngoma. Hucheza mgongoni mwa mama yake, mama akiwa kazini. Akifika miaka 30 amekuwa katika chuo hicho kwa miaka 30.

Lakini sisi si watu wa kusema upande mmoja tu na kuficha wa pili. Wako waliompinga Ericsson, na hoja zao yafaa zisikiwe. Mwaka 2014 wataalamu wengine walikusanya chunguzi nyingi pamoja, wakaona kwamba katika muziki mazoezi yanaeleza asilimia 21 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Mwaka huo huo uchunguzi wa mapacha zaidi ya 10,000 wa Sweden ulionyesha kwamba uwezo wa kutambua sauti na mdundo una sehemu kubwa ya kurithi. Hata ile hamu ya kujizoeza yenyewe imeonekana kuwa na urithi ndani yake.

Twakubali. Hatusemi kila mtoto akipewa zeze atakuwa bingwa. Lakini angalieni walichopima kwa wale mapacha: ni kusikia, kama sauti hizi mbili ni sawa au si sawa. Hawakuwapa ala wakasema, "Haya, pigeni." Sikio laweza kuwa la kuzaliwa, bali mkono hufunzwa. Hakuna mtu duniani aliyezaliwa akijua kufunga ngozi juu ya kibuyu. Na hata kama sehemu ni ya kurithi, haki ya ujira haiondoki. Mtu aliyezaliwa na mabega mapana akibeba magunia ya alizeti, hatumwambii, "Mabega yako ni ya Mungu, tubebee bure." Twamlipa kwa gunia.

Sasa tuje kwenye mapato, maana wako wasemao: "Kama kweli yeye ni fundi, soko litamlipa. Akipata kidogo, basi ufundi wake ni kidogo."

Ndugu, sikilizeni habari ya kweli. Tarehe 12 Januari 2007, katika mji wa Washington, Marekani, mpiga fidla Joshua Bell alisimama kwenye kituo cha treni asubuhi, watu wakienda kazini. Yeye ni miongoni mwa wapiga fidla wenye sifa kubwa kabisa duniani. Ala aliyoshika ilitengenezwa mwaka 1713, na bei yake yasemekana ilikuwa dola milioni tatu na nusu. Siku chache kabla yake alipiga katika ukumbi wa Boston, ambako kiti kizuri kilikuwa dola 100. Kituoni alivaa kofia ya kawaida, akafungua kasha la fidla miguuni pake, akapiga kwa dakika 43. Gazeti la Washington Post ndilo lililopanga jambo hilo, nalo lilikuwa likihesabu. Watu 1,097 walipita. Waliosimama kusikiliza hata kwa dakika moja walikuwa saba. Fedha iliyotupwa ndani ya kasha, ukiacha dola 20 za mtu mmoja aliyemtambua, ilikuwa dola 32 na senti 17.

Mkono ulikuwa ule ule, na fidla ile ile. Kilichobadilika ni mahali. Ukumbini watu walikuwa wamekubali bei kabla hawajaketi. Kituoni kila mmoja aliachiwa apende mwenyewe, naye alikuwa na haraka ya kazi. Basi mtu asituambie tena kwamba fedha iliyo katika kofia ya mpiga zeze stendi ya Singida ndiyo kipimo cha ufundi wake. Yapima haraka yetu sisi tunaopita.

Tena mfikirieni yeye mwenyewe. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mpiga zeze aenda mnadani. Apata shilingi 8,000 kutwa. Toa nauli ya kwenda na kurudi 4,000. Toa chakula cha mchana 2,000. Abaki na 2,000, nayo ni ya waya, sabuni na mahindi ya nyumbani. Na hiyo ni siku ya mnada, wakati wa kiangazi, alizeti na vitunguu vimeuzwa, watu wana senti. Mvua zikianza mapato hukatika, maana hakuna mwenye fedha ya kutuza wala mwenye wasaa wa kusikiliza. Naye hushika jembe, na vidole vilivyoshika jembe kutwa havina hamu ya zeze usiku.

Hapo mwaona jinsi duara linavyozunguka. Ufundi wahitaji saa. Saa zahitaji chakula. Chakula chahitaji malipo. Nasi malipo twayazuia kwa kusema ufundi ni kipawa. Yule kijana aliyepata saa zake 7,000 malishoni azipoteza akiwa mtu mzima, kwa sababu hapana mtu wa kumlipia saa ya 7,001. Kisha twalalamika kwamba vijana siku hizi hawajui ngoma za babu zao.

Je, duara laweza kukatwa? Laweza, na limekatwa mbele ya macho yetu, hapa jirani.

Marehemu Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa karibu na mwaka 1938. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu alikuwa ametangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa kuwa aliona aibu ya taifa lililofundishwa kudharau ngoma zake lenyewe. Zawose akaingia katika kazi ya sanaa ya taifa, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Zeze na marimba, ambavyo kwa wengine vilikuwa vya kuombea senti, kwake vikawa kazi ya kutwa. Alivipiga Ulaya, Marekani na Japani, na nyimbo zake zikarekodiwa Uingereza na kampuni ya Real World. Hata alipofariki mwisho wa mwaka 2003, alikuwa ameacha watoto na jamaa wengi walio wapigaji, ambao yeye ndiye aliyewafundisha.

Mtu apenda kusema, "Ukoo wa Zawose una kipawa katika damu." Labda. Lakini pia ni ukoo uliokuwa na mwalimu nyumbani, kila siku, ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyo tu. Kabla hatujaisifu damu, tuhesabu saa.

Na Siti binti Saad wa Unguja je? Alizaliwa Fumba, akiuza vyungu kwa miguu huku akivinadi kwa sauti. Nani aliyehesabu saa za kunadi vyungu? Alipohamia mjini mwaka 1911 hakusema, "Sauti ninayo, yatosha." Alikaa chini ya mwalimu, Ali Muhsin, akafundishwa kuimba na kupatana na ala. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri, nazo zikauzwa kwa maelfu katika Afrika Mashariki. Marehemu Shaaban Robert hakuona haya kuandika wasifu wake. Twajiuliza, ni nani kati yetu aliyewahi kuandika hata ukurasa mmoja juu ya mpigaji wa kijiji chake?

Ndugu wanachama, kuna deni jingine ambalo hatuna budi kulitaja, maana ni la historia ya harakati zenyewe. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 haikuwa na fedha, haikuwa na redio, na mikutano ilihitaji kibali. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake, alianzia wapi? Alianzia kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kiitwacho Bomba. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi, wanachama, na desturi ya kukutana na kuchanga. Wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga kabla ya chama kuwafikia. Aliyewapanga ni ngoma.

Basi chama cha siasa kinapomwambia mpiga ngoma, "Wewe wachangamsha tu," kinasahau mguu kiliosimamia. Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hupongezwa, wala hawakusema hupewa soda. Kutunza ni kutoa.

Wako watakaosema, "Nchi ina haja ya visima, zahanati na madawati, nanyi mwataka kulipa ngoma?" Twawajibu: hatuombi fedha ya kisima. Twasema juu ya fedha ile ile ambayo tayari twailipa siku ya mkutano, kwa turubai, kwa viti, kwa spika. Kama kuna fedha ya kulipa chuma kinachopaza sauti, iko pia ya kulipa mkono unaoileta sauti. Na kama haipo, tusiwaite. Kumwita mtu kazini bila ujira kulikuwa desturi ya bwana wa kikoloni, na sisi hatukuiondoa ili tuirithi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi manne mbele ya mkutano huu.

Kwanza, kila tawi litakaloita kikundi cha ngoma lipatane nacho malipo kabla ya siku ya mkutano, kwa maandishi, na nauli iwe mbali na malipo. Malipo hayo yaandikwe katika hesabu kama yanavyoandikwa ya turubai.

Pili, majina ya vikundi na viongozi wao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na yasomwe jukwaani kwa heshima ile ile ya wageni.

Tatu, wanachama wetu walio katika halmashauri wasimamie kwamba mpigaji anayekaa kwa utulivu stendi, sokoni au mnadani asifukuzwe kama mkosaji. Apewe mahali pa kukaa. Na mtu anayetaka kumrekodi kwa simu ili atumie wimbo wake kibiashara, aelezwe kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua pia mtumbuizaji. Aombwe, apatane, alipe.

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu tulio walimu: kila kata imtafute mpigaji mzee mmoja, ipatane naye afundishe vijana alasiri mbili kwa juma, naye alipwe kwa mchango wa wazazi na Chama. Mzee akifa na zeze lake, saa zake 10,000 zafukiwa pamoja naye. Hakuna benki iwezayo kuzirudisha.

Mwisho, ndugu zangu. Mwezi ujao tutakuwa na mkutano tena upande wa Manyoni. Tulikwenda wenyewe kwa mama yule, tukaketi uani kwake. Tulimwomba radhi, kisha tukamuuliza bei yake. Alicheka kwanza, akadhani twamtania, kwa kuwa katika miaka yote aliyopiga hajaulizwa swali hilo na mtu wa siasa. Kisha akanyamaza, akahesabu kwa vidole: wapigaji kumi na wawili, nauli, chakula, ngozi mbili zilizopasuka. Akataja kiasi. Kilikuwa pungufu ya tulichomlipa mwenye vipaza sauti.

Hatukumpunja. Tulikiandika. Tulipoinuka kuondoka alituita tena, akasema, "Sasa nitawaambia wenzangu tujizoeze juma zima, maana hii ni kazi."

Ndilo jibu la swali lake, naye amelitoa mwenyewe. Wanaokubali maombi yetu manne, twawaomba wanyoshe mikono.